Mto wa kukalia, vifungo na mswaki: kisa cha mtu mwenye ADHD aliyejaribu meditesheni

Huyu ni nani na kwa nini naandika

Ntamwita Dada M. Ni mtu mzima, yuko kwenye thelathini na kitu, kazi yake ni ya ofisini, kusoma na kusahihisha makaratasi marefu yenye dedlaini, na nyumbani anaishi na watu wengine. Vingine vyote nimevibadilisha au nimevitoa kabisa, na yeye mwenyewe ameisoma hii akasema sawa, iende. Mimi nafundisha meditesheni kwa watu wazima, mmoja mmoja na vikundi vidogo, sio daktari na sitibu mtu. Naandika kwa sababu karibu mwezi mzima nilikuwa nahangaika na tatizo ambalo M. hakuwa nalo, alafu lile alilokuwa nalo lilikuwa liko wazi mbele yangu, na nina hakika kuna walimu wengine wako hapohapo nilipokuwa mimi na kuna watu wanaacha meditesheni wakiamini wao ndo wabovu.

Alikotoka

M. aliambiwa ana ADHD, ile hali ya ubongo ya umakini kutotulia na kukurupuka, akiwa na miaka 31. Daktari wake wa akili alipitia naye utoto wake wote, maana vigezo vya DSM-5, kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani cha kupimia magonjwa, vya mwaka 2013 vinataka dalili kadhaa ziwe zilikuwepo kabla ya miaka 12, na kwa mtu mzima ziwepo angalau dalili 5 za upande wa umakini kutotulia au 5 za upande wa kuhangaika na kukurupuka, na zionekane kwenye maeneo zaidi ya moja ya maisha yake, sio kazini tu. Yeye zake nyingi zilikuwa upande wa umakini. Ripoti za shule zote zilikuwa zinaandika kitu kimoja kila mwaka, ana akili ila hajitumi. Hilo neno hajitumi alilibeba miaka yote na litatokea tena huko chini.

Alipokuja kwangu alikuwa kwenye dawa, methilfenideti, karibu mwaka mmoja na kazini ilikuwa imemsaidia sana. Kilichobaki kinamtesa ni jioni. Dawa ikishaisha nguvu mwilini anakuwa mkali, anajibu watu wa nyumbani kabla hawajamaliza sentensi, usiku analala anajuta. Daktari akamwambia meditesheni unaweza kuiongeza juu ya dawa, jaribu. Na alikuwa ameshajaribu mara 3 peke yake kwa apu za kwenye simu, akaacha mara zote 3, na kila mara aliacha siku ileile apu ilipomwonyesha kwamba hesabu yake ya siku mfululizo imerudi sifuri.

Hiyo habari ya sifuri aliniambia kwenye kikao cha kwanza kabisa. Niliiandika kwenye daftari na sikuifanyia kitu.

Wiki nne za mwanzo

Nilimpa nilichokuwa nampa kila mtu, dakika 20 kila asubuhi, kaa, mgongo wima, fuata pumzi, akili ikitoka irudishe. Kwangu mimi dakika 20 ilikuwa kidogo. MBSR, ile programu ya meditesheni ya kupunguza msongo aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 pale chuo kikuu cha Massachusetts na ambayo walimu wengi tumepitia mlemle, ni ya wiki 8 na mazoezi yake ya nyumbani yanafika dakika 45 kwa siku, kwa hiyo nikaona nimeshampunguzia zaidi ya nusu.

Siku ya kwanza alikaa dakika 50. Usiku wake alikuwa ameagiza mto maalum wa kukalia, amesoma mambo ya meditesheni mpaka saa nane usiku, amejitengenezea na jedwali la rangi la mwezi mzima. Siku ya pili dakika 20, ya tatu 20, ya nne 6. Alafu siku 9 hakuna kitu na meseji zangu hazijibiwi.

Nikadhani hamu imeisha. Ukiangalia kwa nje ndo inavyoonekana, mtu amewaka siku tatu kisha kazima. Sasa hivi nikiona mtu ameanza na dakika 50 siku ya kwanza nashtuka, maana ile sio nidhamu, ni akili iliyoshikwa na kitu kipya, na upya ukiisha hakuna kinachobaki cha kumvuta kesho yake.

Aliporudi nikamuuliza swali ambalo niliendelea kulirudia mpaka wiki ya nne: ukikaa, nini kinatokea? Akanielezea vizuri tu, pumzi inampotea kabla hesabu haijafika 3, akiikazania kifua kinabana, miguu inataka kutoka. Na kila jibu lilinipa kitu cha kurekebisha, nikarekebisha mkao, nikashusha muda mpaka 15, nikamrekodia sauti yangu ya kumwongoza. Wiki ya tatu alikaa mara 2. Ya nne mara 1.

Mwisho wa hiyo wiki ya nne akaniambia hivi, naandika karibu neno kwa neno kwa ruhusa yake: "Kaka, we kila siku unaniuliza nikikaa inakuwaje. Mi sifiki kukaa. Nasimama mlangoni nauona ule mto, nataka kabisa, mwili hauendi. Nikija kuzinduka nina simu mkononi na dakika arobaini zimeshapita. Alafu naona aibu kukwambia kwa sababu utaona sijitumi."

Hapo ndo nilielewa. Mimi nilikuwa nashughulikia dakika 15 za ndani ya meditesheni, yeye anakwama kwenye ile dakika moja ya kabla, na akishakwama aibu inafunga siku 9 zinazofuata. Kuanza kitu ambacho hakina dedlaini, hakina mtu anayekusubiri na hakikupi raha papohapo ni moja ya vitu vigumu kabisa kwa mwenye ADHD, hata kama anakitaka kwa moyo wote, na meditesheni ina sifa zote tatu.

Tulichoamua, na kwa nini

Kitu cha kwanza, mto ukatoka. Tukatafuta kitu ambacho M. anakifanya kila siku bila kukumbushwa, na baada ya kuvuka vingi vilivyoonekana vya uhakika lakini sio (kuamka kwenyewe kwake hakuna saa maalum) tukabaki na kupiga mswaki asubuhi. Tukakubaliana akimaliza asitoke, asimame palepale alipo, ahisi nyayo zake sakafuni, ahesabu pumzi 10 za kawaida au akipotea basi alipopotea ndo mwisho, atoke aendelee na siku. Ni chini ya dakika moja na nusu. Sababu yake ni kwamba kila unapomhamisha mtu wa hivi toka kitu kimoja kwenda kingine, toka chumba kimoja kwenda kingine, unamfungulia mlango wa kupotelea njiani, kwa hiyo tukaondoa safari yenyewe.

Cha pili, pumzi ikawa ya kuhesabia tu, umakini wenyewe tukauweka kwenye nyayo na sauti. Kwa M. kuikodolea pumzi kulikuwa kunamletea kubanwa, na nilikuwa nimemwambia avumilie, jambo ambalo siku hizi simwambii mtu. Hakuna sheria kwamba lazima iwe pumzi.

Cha tatu ni vifungo, vya shati, ambavyo vimetufundisha pande zote mbili. Kwa yale mazoezi marefu kidogo ya kutembea, ambayo tuliyaweka Jumamosi, alikuwa anaweka vifungo kwenye mfuko wa kulia na kila akigundua akili imeondoka anahamisha kimoja kwenda kushoto. Nilitaka aguse kwa mkono kitu ambacho maneno yangu hayakuweza kumshawishi, kwamba kugundua umeondoka ni sehemu ya zoezi na inahesabika kama mafanikio. Kuna utafiti wa Wendy Hasenkamp na wenzake wa mwaka 2012 ambao naupenda sana kwa hili, waliwaweka watu 14 wazoefu wa meditesheni kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakawaambia wakae na pumzi na kila wakigundua wametangatanga wabonyeze kitufe. Wazoefu, na walibonyeza, tena na tena. Wakauelezea mzunguko wa hatua nne: akili inatangatanga, unagundua, unahamisha umakini, unakaa kwenye pumzi, alafu inaanza upya. Nilipomsomea M. alinyamaza muda mrefu kisha akauliza, "kwa hiyo na wao inawatoka?" Maisha yake yote alikuwa anaamini kuna watu haiwatoki.

Wiki mbili vifungo vilikwenda vizuri sana. Jumamosi ya kwanza 4, ya pili 11. Ya tatu akaja na 31 na uso unang'aa, na nilipouliza uliviona hivo vyote kweli akasema hapana, nilikuwa nawahi kuhamisha ili nivunje rekodi. Akili yake ilikuwa imepata mchezo na ikahamia kwenye mchezo. Tukavitoa hapohapo. Sijutii kuvitumia kwa sababu somo lenyewe lilikuwa limeshaingia, ila nilitakiwa kuviwekea mwisho tangu siku ya kwanza.

Cha nne, hesabu. Siku mfululizo tukaacha kuhesabu kabisa. Badala yake tukawa tunaandika pengo, yaani akiruka, imemchukua siku ngapi kurudi. Pengo la kwanza tulishalijua, 9. Nilimwambia lengo sio kutoruka, utaruka, lengo ni hiyo namba ipungue, na siku ya kurudi ikiwa ni pumzi mbili tu umerudi.

Cha tano, Jumanne na Alhamisi tulikuwa tunapigiana video koli, kila mtu kwake, tunasalimiana, tunanyamaza dakika 5, tunaagana. Simwongozi wala simwangalii. Watu wengi wenye ADHD wanajua hii hali, mtu mwingine akiwepo tu pembeni, hata asipofanya chochote, ile kazi inaanzika.

Wiki ya saba

Hii sehemu ni fupi lakini ndo nzito kuliko zote. M. alikuwa anaendelea vizuri, asubuhi 5 kati ya 7, na akaamua mwenyewe kuacha dawa. Hakumwambia daktari, hakuniambia mimi. Ndani ya siku 6 alikuwa amemtumia mtu asiyehusika karatasi za siri za kazini, amegombana na bosi wake, amelala ovyo, na meditesheni yenyewe ikawa imekufa, hata ile ya mswaki.

Aliponieleza nilimuuliza wazo limetoka wapi. Akasema kwako. Siku ya kwanza nilikuwa nimesema, kama tunavyosema walimu wengi, kwamba meditesheni inabadilisha ubongo. Yeye akaunganisha: kama inabadilisha ubongo na mimi tatizo langu liko kwenye ubongo, basi dawa nazitumia za nini. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa kwa alichopewa. Nilimwambia siendelei na kikao chochote mpaka aongee na daktari wake, na aliongea naye siku ileile. Daktari akamrudisha kwenye dawa na akabadilisha na mpangilio wa muda wa kunywa, maana kabla ya hapo M. alikuwa hajawahi kumwambia kwamba jioni zake ndo mbaya. Yaani tatizo lililomleta kwangu sehemu yake kubwa ilikuwa inasubiri mazungumzo na daktari.

Ilipofikia

Tulikwenda miezi 6. Mwishoni alikuwa anafanya asubuhi 4 mpaka 5 kwa wiki, kati ya dakika 2 na 7, na Jumamosi anatembea dakika 15. Mapengo yalikuwa siku 9, kisha 6 zile za dawa, kisha 4, 2, 2, na moja la 5 alipokuwa na dedlaini kubwa. Kukaa zaidi ya dakika 10 hajawahi kuzoea na tuliacha kujaribu.

Kilichobadilika kwa maneno yake ni "kale kanusu sekunde". Mtu anaongea, anahisi jibu linapanda kooni, na sasa analihisi kabla halijatoka. Sio kila mara, ila zamani ilikuwa hakuna kabisa. Mtu wa nyumbani kwake alimwambia bila kuulizwa kwamba siku hizi unasubiri watu wamalize.

Ambacho hakikubadilika: funguo bado zinapotea, bado anachelewa, bado karatasi za malipo zinakaa wiki mbili mezani. Haya alinisisitiza niyaandike.

Uchambuzi

Nikiulizwa kitu kimoja kilichosaidia kuliko vyote nasema ni kuuhamisha mwanzo, sio kufupisha muda. Ufupi peke yake hautoshi, M. hata dakika 3 kwenye mto zisingemtoa mlangoni. Mswaki ulisaidia kwa sababu alikuwa ameshasimama pale, hakuna uamuzi mpya wa kufanya. Hii naitofautisha kwa makusudi kwa sababu ushauri ambao kila mtu mwenye ADHD anapewa ni anza na dakika chache, na wengi wanajaribu wanashindwa na hizo chache, wanabaki na aibu mara mbili.

Hata hivo ufupi wenyewe una msingi. Lidia Zylowska na wenzake wa UCLA walipotengeneza programu yao ya wiki 8 kwa ajili ya watu wenye ADHD, matokeo ya majaribio yakatoka mwaka 2008, walianza na vikao vya dakika 5 na kupanda taratibu mpaka 15, na wakaweka na kutembea kwa wanaoshindwa kukaa. Walikuwa watu wazima 24 na vijana 8, asilimia 78 walimaliza. Wengi waliripoti nafuu, lakini ulikuwa utafiti mdogo usio na kundi la kulinganisha, kwa hiyo mimi nauchukua kama ushahidi kwamba inawezekana watu hawa kufanya meditesheni ikipangwa kwa ajili yao, na siutumii kuahidi mtu nafuu. Niliusoma zamani. Niliujua kabla ya M. na bado nilimpa dakika 20, kwa sababu mazoea ya ufundishaji yana nguvu kuliko ulichokisoma.

Kuhusu dawa, kuna jaribio la Uholanzi lenye watu wazima 120 ambapo kundi moja lilipewa mafunzo ya maindifulnesi, yaani meditesheni ya kuangalia kinachotokea sasa hivi, juu ya matibabu yao ya kawaida na lingine likaendelea na matibabu ya kawaida peke yake. Kundi la kwanza dalili zilipungua zaidi. Angalia lilivyopangwa: ni juu ya matibabu, hakuna aliyeambiwa atupe dawa. Ningemwambia M. sentensi hiyo moja siku ya kwanza, wiki ya saba isingekuwa ile. Sasa hivi kila mtu mwenye ADHD anayekuja kwangu namuuliza kuhusu dawa kwenye kikao cha kwanza, namwambia wazi hii haichukui nafasi yake, na namuomba chochote kinachohusu dawa kipite kwa daktari kwanza. Ile kauli ya kubadilisha ubongo sitamki tena, sio kwamba ni uongo mtupu ila anayeisikia anasikia kingine.

Kuhesabu pengo badala ya mfululizo naona ndo kitu ambacho mtu yeyote anaweza kuchukua kesho bila mwalimu. Mfululizo unaadhibu dalili yenyewe. Mtu ambaye kusahau ni sehemu ya hali yake unampa kipimo ambacho ukisahau mara moja unapoteza vyote, kisha unashangaa anaacha. Na uamuzi wake wa kuacha kila mara apu ilipoandika sifuri nilikuwa nao kwenye daftari tangu siku ya kwanza, ningeusoma vizuri tungeokoa mwezi.

Video koli sina uhakika nazo sana. Zilimsaidia, lakini zilitegemea mimi niwepo, na zile siku 5 za dedlaini ziliangukia wiki ambayo mimi nilikuwa nasafiri. Baadaye alimpata rafiki yake wanayefanya naye, hiyo ni afadhali, na ilitakiwa iwe hivo mapema.

Jambo ambalo bado liko wazi: M. anataka kwenda mafungo ya ukimya ya siku 10. Ameshasoma kila kitu, ameshatengeneza na orodha ya vitu vya kubeba. Nimemwambia maoni yangu kwamba bado, kwa sababu masaa mengi ya kukaa kimya siku nyingi mfululizo yanaweza kumletea mtu hofu na kukosa usingizi hata asiyekuwa na historia ya kubanwa kifua kama yeye, na sehemu nyingine wanauliza maswali kuhusu dawa ambayo inabidi ajue atajibu nini. Nimemshauri aanze na siku moja, ya kutembea zaidi kuliko kukaa, na aongee na daktari wake. Mpaka naandika hivi hajaamua.